Mlango wa Jirani: Mafunzo Niliyopata Nikihudumu Nyakitonto

Zamani huku kwetu Buha hukuhitaji kumuuliza mtu kama ameokoka. Ulingoja tu akukosee. Mlokole wa kweli alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwako, mara nyingi kabla hujajua umekosewa nini, akasimama uani na kusema: ndugu yangu, ile mihogo uliyodhani imefukuliwa na nguruwe pori, niliing'oa mimi.

Mimi ni mwinjilisti wa Kanisa Anglikana katika kata ya Nyakitonto, wilaya ya Kasulu. Kinachonilisha ni shamba la mahindi na maharage, si madhabahu, na nadhani hilo limenisaidia. Haya niliyoyaandika nimeyaokota kidogokidogo, mengine shambani, mengine kitandani, mengine kwa watu ambao pengine jina langu wamekwishalisahau. Sikuyapanga kwa uzito wake.

1. Toba huanzia kwa aliyekosewa

Uamsho wa walokole uliotulea ulianzia mbali kidogo na hapa. Septemba 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka na kuishiwa nguvu za kiroho. Katika kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mfanyakazi wa serikali katika idara ya afya. Wakakaa siku mbili wakisoma Maandiko na kuomba. Ukumbuke zilikuwa enzi za ukoloni, ambapo Mzungu na Mwafrika hawakukaa meza moja ovyo. Hawa wawili walikaa kama wanafunzi wa darasa moja, kila mmoja akikiri kwamba amepungukiwa.

Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa miongoni mwa wahubiri wake wakubwa hadi alipofariki Januari 1936, bado kijana. Ulivuka ukaingia Burundi, ambako misheni ilikuwa imefungua vituo vya Matana na Buhiga mwaka 1935, na ukaingia Tanganyika kupitia Katoke, kule Bukoba. Waha na Warundi tunasikilizana lugha na tunaoana, kwa hiyo mpaka haukuwa kizuizi cha maana. Dayosisi ya Western Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1966, makao makuu yakiwa Kasulu na Musa Kahurananga akiwa askofu wake wa kwanza, ilikuta watu wa ushirika, yaani mikutano ya walokole, wako tayari.

Katika ushirika hapakuwa na toba ya jumla. Ukisimama ukasema Bwana anisamehe mapungufu yangu, mzee mmoja angekuuliza kwa upole: yapi, ndugu? Na ukiyataja, swali la pili lilikuwa: aliyekosewa umekwishamwona? Nilimshuhudia baba mmoja akitoka kwenye ushirika na kwenda moja kwa moja nyumbani kwake kutafuta mti wa mpini. Alikuwa ameazima jembe, mpini ukapasuka, akalirudisha kimya huku ufa umefungwa kwa kamba ya gome. Sasa alichonga mpini mpya, akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukawa laini mkononi, akaupeleka kwa mwenyewe pamoja na maneno yake. Mwenye jembe alicheka, maana alikuwa ameshalisahau. Yule baba hakucheka. Kwake kazi ya kumtafuta Mungu siku ile ilikuwa ile, kukwangua mti kwa chupa.

Kuambia mkutano mzima kwamba mimi ni mwenye dhambi ni kazi rahisi. Hata mwanasiasa anaweza. Kumwambia jirani kwamba mpini nilikuvunjia mimi, hapo ndipo kifua kinabana.

2. Kunyenyekea nako huzaa kiburi chake

Mwaka 1941, katika chuo cha Askofu Tucker pale Mukono, Uganda, William Nagenda na wenzake zaidi ya 20 waliondolewa masomoni. Walikuwa wakiamka alfajiri mno kuomba na kuhubiri kinyume cha taratibu za chuo, na walikuwa wakiwaambia walimu wao waziwazi kwamba kuna mambo yamelala kanisani. Wao waliona wanamtii Mungu. Uongozi uliona ukaidi na kujikweza. Mimi huwa nadhani kila upande ulikuwa na kipande cha haki, na ndiyo sababu kisa kile kinanipendeza kuliko visa ambavyo watakatifu wake hawana kasoro.

Kwetu nimeona ushuhuda ukigeuka mashindano. Mmoja analia, wa pili analia zaidi, wa tatu anagaagaa. Kuna mtu ambaye dhambi zake za ujana huongezeka kila mwaka. Kwa hesabu yangu alipaswa kuanza ujambazi akiwa bado ananyonya. Halafu kuna yule anayekataa kiti cha mbele kwa sauti kubwa, ili watu wote wageuke wamwone akienda kukaa nyuma.

Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliwahi kumwandikia kijana msomi aitwaye Dioskoro kwamba akiulizwa njia ya kuufikia ukweli ni ipi, jibu la kwanza ni unyenyekevu, na la pili, na la tatu, na kila akiulizwa atarudia hilohilo. Wengi hunukuu hapo wakaacha. Sababu aliyoitoa ndiyo inayonigusa: tabia nyingine mbaya tuziogope katika matendo mabaya, lakini kiburi tukiogope hata katika mema. Yule Farisayo katika Injili ya Luka hakuwa mwongo. Kweli alifunga, kweli alitoa zaka.

3. Kupokea ni kugumu kuliko kutoa

Bodaboda iliteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa, nikavunjika mguu. Msimu wa kupanda ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, na kwetu mvua ikishaanza hairudi nyuma kumngoja mtu.

Wakaja na majembe. Walikuwamo wa kanisani kwangu, lakini pia ndugu Wapentekoste ambao tumebishana nao sana kuhusu ubatizo, na Wakatoliki, na Mwislamu mwenye duka akaleta mbegu za maharage akasema tutahesabiana baadaye, na hiyo baadaye hajaitaja mpaka leo. Nilikaa mlangoni mguu umenyooshwa juu ya kigoda, nikiwatazama wakipanda. Mistari ilikuwa imepinda. Mimi ni mtu wa kamba na vijiti, mistari yangu inanyooka, na pale nililazimika kunyamaza nikisema asanteni, asanteni sana, wakati macho yananiuma kwa ule upogo. Mahindi, kwa taarifa yako, yaliota vizuri tu.

Kulimiwa kulikuwa nafuu ukilinganisha na kuogeshwa. Mpwa wangu alinimwagia maji ya uvuguvugu mgongoni, akanisugua visigino, akanikausha kati ya vidole vya miguu kwa taulo. Yeye alikuwa kijana niliyemfundisha kipaimara. Siku zile ndipo nilipoelewa kwa nini Petro aligoma Yesu alipoinama na beseni kwenye chakula cha jioni. Siku zote nilikuwa nahubiri somo lile kwa upande wa anayeosha: tuhudumiane, tuoshane miguu, amina. Petro hakushindwa kuosha. Alishindwa kuoshwa.

Mtu asiyependa kudaiwa na yeyote huomba kwa Mungu namna hiyohiyo, kama anayelipa bili. Anaanza kwa kutaja huduma alizofanya, halafu ndipo anaeleza haja yake. Kutegemea neema ni kukubali kwamba kuna deni ambalo halitahesabiwa, na sijui mahali pengine pa kulizoea jambo hilo zaidi ya mikononi mwa watu.

4. Anayetegemea halali

Hili ni fupi kwa sababu kila mkulima analijua. Tunaombea mvua Septemba huku majembe yako mkononi na shamba limeshafyekwa. Sijamwona mlokole hata mmoja, hata wa zamani wale wakali, aliyeacha kununua mbegu akisema Bwana ataotesha. Dhambi ya mkulima haimo katika kufanya kazi mno. Imo katika kuyatazama mavuno yaliyojaa ghalani na kudhani mikono yake ndiyo iliyoleta hata mawingu.

5. Kumtegemea Mungu si kumtegemea anayesema ametumwa naye

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakati umati ukikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Sisemi mambo hayo mawili ni sawa. Babu yule, kwa bei ile, hakuna wa kumwita mlafi.

Wala siwacheki waliokwenda. Anayeuguliwa na mtoto hana anasa ya kuchagua mlango wa kugonga. Lakini nimejifunza kumpima mtumishi kwa swali moja: baada ya kuombewa naye, je, ninaweza kuomba mwenyewe nyumbani? Kama kila tatizo jipya linanirudisha kwake, kwa mafuta mengine, chumvi nyingine, kitambaa kingine, basi hapo sikufundishwa kumtegemea Mungu. Nimefanywa mteja. Wazee wa ushirika walikuwa na kasoro zao, na nimezitaja, lakini hakuna aliyetuuzia kitu.

6. Aliye chini yako anaweza kutumwa kwako

Katika wilaya hii yetu, upande wa Makere, iko kambi ya Nyarugusu. Ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongomani waliokimbia vita ya Kivu Kusini kwa kuvuka Ziwa Tanganyika, na kuanzia 2015 wakaongezeka Warundi, mpaka ikawa na watu zaidi ya 100,000. Mkimbizi haruhusiwi kutoka zaidi ya kilomita nne bila kibali. Chakula ni cha mgao, na mwaka 2023 mgao huo ulishuka hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa.

Kijijini kwetu kuna namna ya kuwazungumzia wakimbizi ambayo siipendi, kana kwamba ni watoto wa serikali waliolelewa vibaya. Nilikwenda kambini na viongozi wenzangu wa makanisa, kwa kibali, kwenye ibada ya pamoja. Tulikwenda kuwatia moyo. Ndivyo barua ya mwaliko ilivyosema. Mwaka ule mvua ilikuwa imezidi na maharage yetu yalikuwa yameoza yakiwa bado shambani. Mmoja wetu alilidokeza hilo katika salamu zake, kwa kupitia tu. Ulipofika wakati wa maombi, mama mmoja Mkongomani, mwimbaji wa kwaya, alisimama akaanza kwa kushukuru kwa unga. Alishukuru kwa unga kidogo kama unga kidogo, hakuuita mwingi. Halafu akatuombea sisi. Aliyaombea maharage ya Nyakitonto, akaomba tusikate tamaa, akaomba watoto wetu wapate mboga. Mgao wake umekatwa nusu, na yeye anatuombea mboga.

Tulirudi kimya ndani ya gari. Nikamkumbuka Naamani, jemadari wa Shamu, aliyekuwa na jeshi, na fedha, na ukoma. Aliyemwonyesha njia ya kupona alikuwa mtoto wa kike aliyetekwa vitani, mjakazi wa mkewe. Na alipokasirika kwamba ameambiwa akaoge Yordani, mto mdogo wa watu, waliomrudisha kwenye akili zake walikuwa tena watumishi wake. Mara mbili mkubwa yule aliokolewa na watu ambao kwa kawaida hawakutakiwa kufungua kinywa mbele yake. Mwandishi wa kitabu cha Wafalme hakutaja jina la hata mmoja wao.

7. Usimhubirie unyenyekevu aliyekwisha kudhalilishwa

Hapa ninabishana na baadhi ya ndugu zangu wa uamsho, na nitaendelea.

Mahubiri ya unyenyekevu yana tabia ya kuteremka. Mwenye kiti anamhubiria aliyesimama, mume anamhubiria mke, mwajiri anamhubiria kibarua. Buha tuna sababu ya kuwa waangalifu na jambo hili. Enzi za mkoloni mkoa wetu ulifanywa chimbuko la nguvukazi ya mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuandikisha watu, SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944. Babu zetu walirudi na blanketi na visu, na jina la manamba ambalo limetumika kututukana hadi kizazi changu. Watu waliofundishwa hivyo kuinamisha kichwa hawakuhitaji mchungaji wa kuwafundisha tena.

Mama mmoja alikuja kwangu jioni, jicho limevimba. Alikuwa ametokea kwa mzee mmoja wa kanisa aliyemwambia: nyenyekea, mwanangu, mwombe Mungu, mumeo atabadilika. Akina mama wa kanisa ndio waliolimaliza. Walimlaza kwao, wakamsindikiza dawati la jinsia polisi, na mume akaitwa. Mzee yule aliudhika, akasema tumeleta sheria ya dunia ndani ya nyumba ya Mungu. Nikamuuliza: katika nyumba ile ya ndoa, nani hasa alikuwa na kiburi cha kuvunjwa?

Paulo anapowaandikia Wafilipi kuhusu kujishusha, mfano wake ni Kristo, ambaye alikuwa na mahali pa juu pa kushukia, na alishuka kwa hiari yake. Hakusukumwa. Na Mariamu, katika wimbo ule wa sura ya kwanza ya Luka, hamwombi Mungu awaongezee wanyonge unyonge. Anamsifu kwa kuwatoa wakubwa kwenye viti vyao na kuwainua walio chini. Neno la Mungu linamkuta kila mtu mahali alipo na kumtaka asogee, lakini si wote kuelekea upande mmoja.

Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 ndani ya uamsho huuhuu wetu, akaja kuwa Askofu Mkuu wa Uganda. Mtu wa ushirika, mtu wa toba. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na watu kupotea. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa. Mwenzake katika uamsho, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye miaka ya nyuma alifundisha shule Dodoma, alitoroka na mkewe kwa miguu usiku, wakavuka milima kuingia Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho kwenye jalada lake kinasema anampenda Idi Amin. Wengine walichukia. Mimi naona barua na kitabu vilitoka katika shule moja: watu waliozoea kuambiana ukweli usiku, mbele ya taa ya chemli, bila kuacha kuitana ndugu. Mtu aliyekwisha kuvuliwa heshima yake mwenyewe mbele za Mungu, rais atamtisha kwa kumvua nini?

8. Kuku wa sadaka

Baada ya ibada tunanadi sadaka za mazao nje, chini ya mwembe. Mkungu wa ndizi, sado ya maharage, mayai, kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mnadishaji anainua, watu wanapandisha bei, mtunza hazina anaandika. Ni saa yenye kicheko kuliko zote za Jumapili.

Kulizuka desturi kwamba ikifika zawadi ya mjane au mzee asiye na kitu, wenye uwezo wanaipandisha mpaka mawinguni. Kuku wa bibi mmoja, wa bei ya kawaida kabisa sokoni, alifikishwa elfu thelathini na mwenye duka mmoja wa kanisani kwetu, makofi yakapigwa, bibi akaombwa asimame aonekane. Alisimama. Jioni akaja kwangu.

"Baba mwinjilisti, kuku wangu alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, bibi. Alikuwa mzima."

"Basi mbona amenunuliwa kama mgonjwa ni mimi?"

Nililipeleka jambo hilo kwenye baraza la mtaa. Nikasema yule bibi alimtolea Mungu kuku, na sisi tumeichukua sadaka yake tukaigeuza jukwaa la ukarimu wa mtu mwingine. Mtunza hazina akajibu, na jibu lake halikuwa la kipuuzi, kwamba bati za paa hazijatimia, na elfu thelathini ni elfu thelathini. Mzee mwingine akasema mwenye duka naye anatoa kwa moyo, tusimhukumu. Tukapiga kura. Upande wangu na bibi tulishindwa.

Jumapili iliyofuata alileta mayai kwenye kisahani cha bati. Kabla mnadishaji hajayainua, akamshika mkono akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote: mia tano kila yai, asizidishe mtu. Mwenye duka akacheka, akatoa pochi, akalipa mia tano tano.